Aliyekoroga Mole ya Santiago

Siku ya tatu tangu mumewe arudi, Eufrosina aliamka akakuta sufuria zake zimehamishwa. Ile ya maharagwe, iliyokaa karibu na mafiga kwa miaka ishirini na miwili, ilikuwa imetundikwa msumarini. Chumvi ilikuwa imetolewa kwenye bakuli la udongo na kutiwa kwenye kopo lenye kifuniko. Na mbele ya moto alisimama Hermilo, taulo kiunoni, akipiga mluzi na kugeuza chapati nene za maziwa kwenye kikaango cha chuma alichokuja nacho kutoka Indiana, kimeviringishwa ndani ya sweta.

"Kaa, Frosi, kaa," alisema bila kugeuka. "Leo nakupikia mimi."

Alikaa. Hakujua afanye nini kingine. Hermilo akamwekea sahani, kisha kikombe cha kahawa upande wa kushoto, sikio la kikombe likiwa limeelekezwa kushoto vilevile. Eufrosina akakigeuza, akanywa. Alidhani ni nasibu tu.

Kesho yake kikombe kilikuwa kushoto tena. Na keshokutwa.

Kule Yucutisa, kijiji cha Meksiko, hakuna nyumba isiyo na mtu kaskazini, Marekani, na hakuna mwanamke asiyejua hesabu ya kungoja. Hermilo alipoondoka alikuwa na miaka ishirini na tisa, yeye ishirini na saba, na binti yao Griselda minne. "Miaka miwili tu," alisema siku ile kwenye kituo cha basi. "Nikipata vya kuezekea nyumba, narudi." Nyumba iliezekwa. Griselda alisoma, akaolewa mjini Tehuacán. Simu ilikuja kila Jumapili, mwanzoni ndefu, baadaye fupi: habari za mvua, habari za mahindi, nani amekufa. Eufrosina hakukaa akilia. Alilima, alifuga bata mzinga, na shangazi yake alipozeeka akarithi kazi yake ya kupika mole nyeusi ya sikukuu ya Santiago, mchuzi mzito wa pilipili, mbegu na chokoleti. Kazi hiyo haipewi mtu yeyote tu. Mwezi Julai, siku ya mtakatifu, kijiji kizima hula chungu kimoja, na wazee wa milimani wanaoteremka mara moja kwa mwaka huteremka kwa ajili ya chungu hicho. Mwaka uliopita alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja nacho, na hakuna aliyeacha kitu sahanini.

Basi Hermilo aliporudi mwezi wa Aprili, mvi kichwani na mgongo umeanza kuinama, hakumkuta mwanamke aliyemwacha. Alimkuta mwenye jiko. Na yeye mwenyewe alikuwa amerudi mpishi; alisema alijifunza kazini, mgahawani.

Alipika kila siku. Alisaga nyama ya ng'ombe, akaichanganya na mayai na mkate mkavu, akaiumba kama mkate na kuioka chini ya kifuniko chenye makaa. Aliponda viazi kwa siagi mpaka vikawa laini kama mawingu. Alichemsha makaroni akayazamisha ndani ya jibini. Majirani walichungulia uani wakacheka.

"Komadre Frosina!" aliita Chabela wa nyumba ya pili, mama wa ubatizo wa Griselda. "Huyo umemwoa au umemwajiri?"

"Mchukue wiki moja ukajaribu," Eufrosina alijibu, nao wakacheka.

Lakini kicheko chake hakikufika mbali. Alikuwa akitazama. Aliona kwamba Hermilo akionja mchuzi hugeuka kidogo kushoto, kama anayengoja mtu wa pembeni aseme neno. Siku moja alimsikia akisema kitu kwa Kiingereza kuelekea mlangoni, sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza kama maziwa yapo. Kisha akanyamaza ghafla, kama aliyekanyaga mwiba. Mlangoni hapakuwa na mtu. Na kila asubuhi, kikombe. Eufrosina alikigeuza kila asubuhi bila kusema, na kila asubuhi kitu fulani kifuani mwake kilijisokota zaidi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba ile nyama ya mkate alikuwa ameanza kuipenda. Jumamosi alijikuta akiulizia.

"Leo hutuokei ile nyama?"

"Umeipenda eh?" Hermilo alifurahi kama mtoto. "Nilijua utaipenda."

Siku tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, Eufrosina aliinua chungu cha mahindi yaliyochemshwa na chokaa ili yalainike. Sikio la chungu likakatika. Maji yale mazito ya moto yalimmwagikia mikono yote miwili, kuanzia vifundo vya mikono hadi vidole. Hakupiga kelele. Alisimama akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, mpaka Hermilo alipokuja mbio na ndoo, akaizamisha kwenye maji baridi, akamshikilia pale. Muuguzi wa zahanati alimfunga bandeji hadi viwikoni.

"Wiki tatu, Doña Eufrosina. Usishike hata kijiko."

"Keshokutwa napika mole ya Santiago."

"Basi mtapika na nani, mimi sijui. Kwa mikono hii, hapana."

Habari ilifika kwa mayordomo, mwenye sikukuu ya mwaka ule, kabla Eufrosina hajafika nyumbani. Mayordomo huyo, Don Abundio, mtu mnene mwenye kutoka jasho hata kivulini, alikuja na kofia mkononi. Nyuma yake alikuja Doña Natividad na wanawake watano wa jikoni. Natividad alikuwa na miaka sabini na moja, na tangu shangazi wa Eufrosina afe alikuwa anakitazama kile chungu kama mtu anavyotazama shamba lililopaswa kuwa lake.

"Usihangaike, binti yangu," alisema Natividad kwa upole uliokuwa na meno. "Nitakoroga mimi."

"Nakushukuru, Doña Natividad. Mimi nitakaa pembeni niseme viungo."

"Aa, hapo sasa. Mimi nikikoroga, mimi ndiye ninayeunga. Mikono yangu haiwezi kufuata mdomo wa mtu."

Don Abundio alimtazama huyu, akamtazama yule, akajifuta paji la uso. Pilipili zilikuwa zimekwisha kuletwa kutoka bonde la Cuicatlán, zile nyeusi za duara ambazo wakulima wake siku hizi wanahesabika kwa vidole. Gunia lilikuwa moja. Likiharibika, hakuna la pili mpaka msimu ujao.

"Atakoroga Hermilo," Eufrosina alisema.

Hermilo mwenyewe, aliyekuwa akipanga kuni, aliacha gogo likining'inia mkononi.

"Nani?" akauliza Natividad.

"Mume wangu. Ana nguvu, ameshinda mbele ya moto miaka ishirini na miwili, na anafanya anachoambiwa."

"Tangu lini jogoo akaatamia mayai?" Natividad alijifunga upya shali yake. "Haya. Sisi tunakwenda kwa Don Abundio kunyonyoa bata mzinga. Mole ikiungua, msije kutuita. Mtakwenda kumweleza Santiago ninyi wawili."

Wakaondoka, mmoja nyuma ya mwingine. Don Abundio alibaki kidogo, akavaa kofia yake, naye akaondoka.

Ndiyo maana asubuhi ya siku ya mole, uani mwa Eufrosina, hawakuwepo wanawake saba kama miaka yote. Walikuwa wawili tu, yeye na mumewe.

Walianza na pilipili. Hermilo alizichoma kwenye kikaango kipana cha udongo huku kitambaa kikimfunika pua, na moshi wake ukapanda ukafunga barabara. Majirani walifunga madirisha. Kwa Chabela watoto walisikika wakikohoa. Kisha zikaja mbegu za pilipili. Ziligeuka kahawia, zikageuka nyeusi, zikaanza kuwaka pembeni.

"Frosi, zinaungua!"

"Ziache."

"Zimekuwa makaa, mwanamke!"

"Nimesema ziache. Huko kwenu mlikuwa mnapika kwa kuogopa?"

Aliziacha mpaka Eufrosina aliposema "sasa," akazimwaga kwenye maji ili uchungu utoke. Chapati za mahindi nazo zikaunguzwa mpaka zikawa kama vigae vyeusi. Ufuta, lozi, zabibu kavu, ndizi mbivu, karafuu, mdalasini: kila kitu kilikaangwa peke yake, kwa amri yake, kikapelekwa mashineni kusagwa, kikarudi rojo zito kama tope la mto. Ilipofika saa tano, mafuta ya nguruwe yalikuwa yanachemka kwenye chungu kikubwa, kile ambacho mtoto wa miaka mitano angeweza kulala ndani. Hermilo akamimina rojo. Likatoa sauti kama bati linalonyeshewa. Akashika mwiko mrefu kama kasia, akaanza.

Mole nyeusi ina sharti moja gumu. Rojo likishaingia kwenye mafuta, mkono haupumziki. Ukiacha kukoroga kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, chini inashika; na ikishika chini, uchungu hupanda juu, na hakuna sukari wala chokoleti itakayouteremsha. Kwa muda wa saa nne, wakati mwingine tano, mtu husimama pale na haondoki. Wanawake hupokezana. Hermilo hakuwa na wa kumpokea.

Eufrosina alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwake, mikono yake yenye bandeji juu ya mapaja. Aliutazama mgongo wa mumewe ukienda na kurudi. Hakuwa amepanga. Baadaye alimwapia Chabela kwamba hakuwa amepanga. Ila alipomwona pale, mikono yote miwili imeshikwa na mwiko, miguu imeshikwa na chungu, alijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu Aprili mtu huyu hawezi kusema anakwenda kutazama kuni.

"Hermilo."

"Ee."

"Nani anatumia mkono wa kushoto?"

Mwiko ukasimama.

"Koroga," alisema Eufrosina.

Akakoroga. Mizunguko miwili, mitatu.

"Sijakuelewa."

"Mimi nala kwa mkono wa kulia tangu nizaliwe. Mama yako, Mungu amrehemu, alikula kwa wa kulia. Griselda, wa kulia. Mwezi wa tatu sasa kila asubuhi unaniwekea kikombe kushoto. Mkono wako umezoea kumwekea mtu. Nauliza ni nani."

"Ni mazoea ya mgahawani tu, Frosi. Wateja..."

"Wateja wote wa Indiana ni mashoto?"

Jasho lilimtiririka Hermilo hadi kidevuni, akageuza uso lisidondoke chunguni.

"Koroga kutoka chini," alisema Eufrosina. "Na kujibu ujibu hivyohivyo."

Moto ulipasua gogo. Mbali, kwa mayordomo, bendi ilikuwa inajaribu tarumbeta zake, ikirudia kipande kilekile na kukosea palepale.

"Anaitwa Darlene," Hermilo alisema. Kisha, "Aliitwa."

Eufrosina alikuwa amelijua jibu kabla ya kuuliza. Hata hivyo lilimpiga kama maji yale ya chokaa: kwanza halikuuma, alilitazama tu.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Nyumba moja?"

"Nyumba moja."

Akahesabu. Akili yake ilikwenda yenyewe, kama punda anayejua njia ya kisimani. Kumi na mitatu. Katikati yake ilikuwamo sherehe ya Griselda ya kutimiza miaka kumi na mitano, na lile gauni la samawati lililokuja kwenye sanduku kutoka kaskazini, zuri kiasi kwamba wasichana wa kijiji walipanga foleni kuligusa.

"Gauni la Griselda. La miaka kumi na mitano. Nani alilichagua?"

Hermilo alikoroga mizunguko mingi kabla ya kusema.

"Yeye. Mimi sikujua vipimo. Alitazama picha ya Griselda akakisia."

"Alikuwa na picha ya mwanangu."

"Ilikuwa ukutani."

"Koroga!" Hermilo alikuwa ameacha kukoroga tena bila kujijua. "Koroga, mwanaharamu wewe, itashika!"

Akakoroga. Eufrosina alisikia harufu ya rojo ikibadilika, ikitoka kwenye ubichi na kuingia kwenye utamu wa moshi. Pua yake ilifanya kazi peke yake, haikumngoja.

"Na hiki chakula?" aliuliza, sauti imeshuka. "Nyama ya mkate. Viazi. Makaroni. Si uliniambia umejifunza kazini?"

"Ni kazini. Mgahawa ulikuwa wake, Frosi. Alikuwa mjane. Alinifundisha yeye."

Basi ndivyo. Tangu Aprili alikuwa akilishwa kwa mkono wa mwanamke yule. Alikuwa amesema kitamu. Alikuwa ameomba kuongezewa.

"Alikufa lini?"

"Februari, miaka miwili iliyopita. Saratani. Mwaka huu wanawe wakauchukua mgahawa. Hawakunitaka pale."

"Kwa hiyo hukurudi kwangu." Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ulifungiwa mlango kule, ndipo ukakumbuka una mlango mwingine huku."

Hermilo akakwangua chini ya chungu.

"Nijibu."

"Ndiyo," alisema Hermilo, macho chunguni. "Ndivyo ilivyokuwa. Nikisema vingine nitakuwa nakudanganya, na nimechoka."

Mafiga matatu yalishika chungu. Moja, lile la upande wake, lilikuwa karibu na mguu wa Eufrosina. Alilitazama. Ingetosha kisigino kimoja. Gunia zima la Cuicatlán lingemwagika vumbini, na hakuna ambaye angemlaumu yeye. Wote wangesema mwanaume ameharibu, na Hermilo angebeba fedheha hiyo mpaka kaburini. Aliusogeza mguu. Alihisi joto la jiwe kwenye unyayo, kupitia kandambili.

Hermilo alimwona. Aliona mguu, aliona jiwe. Angeweza kuruka nyuma, maana mafuta yale yangemchuna ngozi hadi magotini. Hakuruka. Aliendelea kukoroga, kutoka chini, kama alivyoambiwa.

Eufrosina aliwafikiria wazee wa milimani, ambao saa ile huenda walikuwa wamekwisha kushika njia. Alimfikiria shangazi yake. Aliifikiria miaka yake kumi na mmoja, ambayo ilikuwa yake na si ya Hermilo wala ya Darlene. Akauvuta mguu.

"Toa kuni moja," alisema. "Ile ya kulia. Moto umezidi."

Hawakuzungumza tena ila kuhusu mole. Maji ya supu. Majani ya parachichi. Punguza, ongeza, kwangua ukingoni. Saa nane Hermilo alikuwa hawezi tena kunyoosha mgongo, na viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge yakapasuka, damu kidogo ikapaka mti wa mwiko. Hakuomba kupumzika, naye hakumpa.

Ikafika saa ya kuonja. Hapo ndipo Eufrosina alipokumbuka kwamba hana mikono. Hermilo alichota kijiko, akakipuliza, akakileta mdomoni mwa Eufrosina. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alilazimika kufungua mdomo mbele ya mtu yule, kama kinda, akafungua, akaonja, akafumba macho.

"Bado. Chokoleti, vipande viwili. Na chumvi, kiganja changu kimoja."

"Kiganja chako kikoje?"

"Ulikuwa unakijua."

Hermilo alitia nusu ya kiganja chake mwenyewe. Ilikuwa sawasawa.

Siku ya Santiago watu walikula. Wazee walifuta sahani kwa chapati za mahindi mpaka udongo ukang'aa. Doña Natividad alikaa na sahani yake muda mrefu, akatafuna, akatafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

"Haina hata donge moja," alisema mwishowe, kwa kinyongo. "Mwanaume ana mkono mzito. Lakini viungo ni vya shangazi yako."

Eufrosina alimshukuru. Don Abundio alimkumbatia kwa uangalifu, asimguse bandeji. Bendi ilipiga, safari hii bila kukosea. Eufrosina aliondoka kabla ya fataki, akaenda nyumbani, na kwa viwiko na miguu akausukuma mzigo wa Hermilo mpaka chumba cha kuhifadhia mahindi: sanduku, blanketi, sweta, kikaango cha chuma. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho na bandeji zilikuwa zimetapakaa vumbi. Hermilo alipofika akakuta mlango wa nyumba umefungwa na wa chumba cha mahindi uko wazi. Aliingia alipoonyeshwa.

Alikaa humo Agosti, Septemba na Oktoba. Alilima shamba. Alileta kuni akaziacha mlangoni. Chakula alijipikia nje kwenye mafiga matatu, maharagwe tu na chapati za mahindi. Zile nyama zake za mkate hazikuonekana tena. Griselda alipiga simu kutoka Tehuacán akisema, "Mama, mfukuze," na wiki iliyofuata akapiga akisema, "Mama, anakula nini huyo?" Eufrosina alimwambia ashughulike na mumewe. Bandeji zilitoka. Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia ulibaki na ngozi iliyovutika, vidole viwili havikunjiki.

Ikaja siku ya kwanza ya Novemba, ambapo adhuhuri kengele hupigwa na wafu watu wazima hurudi majumbani kula. Eufrosina alikuwa amekwisha kupanga ndani meza ya marehemu yenye ngazi mbili, mole kwa shangazi yake, tamale za unga wa mahindi kwa mama yake, na alikuwa akitoka shambani na mzigo wa maua ya njano kifuani alipopita mlango wa chumba cha mahindi. Kulikuwa na harufu asiyoijua. Akasimama.

Juu ya sanduku la mbao lililopinduliwa, kati ya magunia, ulikuwako mshumaa mmoja, glasi ya maji, na pai ya kuku yenye ukoko wa rangi ya dhahabu, moto bado. Chakula hicho Hermilo hakuwahi kumpikia. Hiki alikuwa amekiweka kando tangu mwanzo. Hermilo alikuwa amepiga magoti. Alipomwona akainuka haraka, akasimama kati yake na lile sanduku, mikono kidogo mbele, kama mtu anayekinga mshumaa na upepo.

"Ni yake?"

"Ndiyo. Wanawe hawana desturi hii, Frosi. Hakuna mwingine wa kumwekea. Ukitaka nitaitoa. Ila usiipige teke, nakuomba. Niambie tu, nitaitoa mwenyewe."

Eufrosina aliitazama ile pai, ukingo wake uliobanwa kwa uma kwa subira, alama moja baada ya nyingine, na akajua kwamba mtu amefundishwa kufanya vile na mtu aliyempenda. Alitaka kuichukia. Aliichukia. Lakini alikuwa mwanamke wa Yucutisa, na hakuna kitu alichofundishwa mapema kuliko hiki, kwamba siku ile hakuna mfu anayeachwa na njaa, awe nani.

"Anajua njia ya kuja huku?" aliuliza.

"Sijui."

Kengele ya kanisa ilianza kupiga.

"Marehemu halishwi pamoja na panya," alisema Eufrosina. "Mlete ndani."

Hermilo hakusogea, kama hakusikia.

"Mlete, kabla kengele haijanyamaza. Ngazi ya chini. Juu ni mama yangu na shangazi."

Akaibeba pai kwa mikono miwili, akamfuata. Wakaiweka chini, pembeni, karibu na machungwa. Eufrosina akanyunyiza petali za njano za kuwaonyesha wafu njia, kutoka mlangoni hadi mezani, kama kila mwaka, na alipofika kwenye ile ngazi ya chini mkono wake ukasita, kisha ukanyunyiza na hapo.

Kesho yake wafu walipokuwa wameshakula, walio hai waligawana kilichobaki, ndiyo desturi. Chabela alikuja, majirani wengine wakaja, wakala mole na tamale. Ile pai hakuna aliyeigusa, walimtazama Eufrosina. Alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akakata kipande, akala amesimama. Alitafuna polepole mpaka mwisho.

"Alijua kupika," alisema, kwa hasira.

Hermilo alilala chumba cha mahindi mpaka Januari, baridi ilipomshika kifua. Alipoanza kukohoa damu, Eufrosina alimhamishia chumba alichokuwa akilala Griselda, na hapo ndipo alipo mpaka leo. Hawakurudi kuwa vijana, na kuna siku nzima hupita bila maneno kumi kati yao. Lakini hula meza moja. Jioni moja mwezi wa Machi, akimenya viazi kwa vile vidole visivyokunjika, Eufrosina alisema bila kuinua macho:

"Ule ukoko. Siku nyingine utanieleza alikuwa anaufanyaje."

Hermilo akavuta kigoda, akafungua mdomo.

"Siyo leo," alisema Eufrosina.

"Sawa," alisema Hermilo, akachukua kisu kingine, akamenya.